Miche Iliyomwagiliwa kwa Mdomo

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya Nachingwea, Rabia alifagia uwanja wa nyumba ya bibi yake huku akizungumza peke yake. Mpita njia asiyemjua angedhani mtoto ana homa. Anainama, anafagia, anasema. Anachukua mtungi, anasema. Anawafungulia kuku, anasema.

“I am sweeping,” alisema, ufagio ukiwa mkononi. Kisha akalifikia banda. “I am opening the door. The hens are coming out.”

Bibi Mwamini alikuwa akichochea moto jikoni. Akachungulia mlangoni, macho yake yakiwa mekundu kwa moshi.

“Mke mwenzangu,” aliita, maana mabibi wa huko ndivyo wanavyowatania wajukuu wao wa kike, “hao kuku umewaambia nini?”

“Nimesema wanatoka, Bibi.”

“Ala! Kwani wao wenyewe hawajioni kwamba wanatoka?”

Rabia alicheka mpaka akaangusha ufagio. “Siwaambii kuku, Bibi. Najizoeza. Mwalimu amesema kila kazi tunayoifanya tuiseme kwa Kiingereza wakati ule ule tunapoifanya, ndipo ulimi utalegea.”

“Haya, ulegeze upesi, uji unapoa.”

Mwaka ulikuwa 1953. Rabia alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na mwaka ule ndipo alipoanza darasa la tano katika shule ya kati. Wazazi wake walilima huko Mbwemkuru, mbali na shule, kwa hiyo waliona ni heri akae kwa bibi yake apate kusoma. Wasichana darasani walikuwa saba tu, na Rabia hakutaka hata mmoja wa wavulana amshinde. Kwa Kiingereza hakuna aliyemshinda. Hilo alilijua mwenyewe, na hapo ndipo matata yalipoanzia.

Mwalimu wao wa Kiingereza, Mwalimu Fidelis, alikuwa mtu mwembamba wa upande wa Masasi, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na sauti ya kumwamsha aliyelala kijiji cha pili. Alikuwa na sheria moja: hakuna neno bila kitendo chake. Hakuwakalisha watoto wakaimba maneno kama kasuku. Alimwita mtoto mmoja mbele, akamwamuru aende mlangoni, aufungue, aufunge, arudi kukaa, na kila hatua aitamke wakati anaitenda.

Siku moja zamu ilikuwa ya Augustino, mvulana mrefu mwenye mzaha mwingi. Alisimama katikati ya darasa, mikono mfukoni, akatangaza, “I am opening the door!”

“No!” darasa zima likapiga kelele.

“Kwa nini mnasema no?” Mwalimu Fidelis aliuliza, akijifanya hajui.

“Hafungui kitu, Mwalimu! Mikono iko mfukoni!”

“Naam. Sentensi yake haina kosa hata moja. Ningeiandika ubaoni. Lakini namna hii ya kusema ni ya jambo linaloendelea sasa hivi, mbele ya macho yetu. Augustino, rudi mwanzo, utoe na mikono.”

Watoto walicheka, na Augustino mwenyewe akacheka kuliko wote. Rabia alicheka pia. Hakujua kwamba kabla mwezi haujaisha atakuwa amefanya jambo lile lile, tena kubwa zaidi.

Shule ilikuwa na kitalu cha miche ya mikorosho. Darasa la tano ndilo lililokitunza. Watoto waligawanywa katika makundi ya watatu watatu, na kila kundi lilipewa makopo sitini matupu ya kuoteshea mbegu. Mvua za kupandia zikija, kila mtoto angepeleka nyumbani kwao miche ishirini. Mazao ya kundi ni ya kundi. Ukitunza unapata, usipotunza utajijua.

Kundi la Tatu lilikuwa na Rabia, Augustino na msichana mmoja mpole aitwaye Dionisia. Makopo yao yalipangwa nyuma ya madarasa, ndani ya uzio wa mabua uliozuia mbuzi. Makundi mengine yalikuwa upande wa mbele, karibu na baraza ambapo Mwalimu Fidelis alikaa saa za kilimo akisahihisha madaftari. Hao aliwaona. Kundi la Tatu hakuliona, aliweza kulisikia tu. Basi kila siku, saa tisa na nusu, alipaza sauti yake kutoka barazani: “Group Three! What are you doing?” Nao walimjibu, “We are watering the seedlings, sir!” Mwalimu akatia alama ya vyema katika kitabu chake.

Miche ile ilikuwa na maana kubwa kwa Bibi Mwamini. Zamani alikuwa na mikorosho yake ishirini kwenye shamba lake la njia ya Lionja. Mwaka juzi watu walikuwa wakisafisha mashamba, moto wao ukavuka mpaka, ukaila mikorosho yote mpaka vikabaki visiki vyeusi. Bibi alikaa siku tatu bila kutoka nyumbani. Rabia alipoandikiwa miche ishirini shuleni, Bibi alichukua jembe lake, akaenda shambani, na kila alipopata nguvu alichimba shimo. Alichimba kwa mikono yake mwenyewe, na ardhi ya kiangazi ngumu kama sakafu. Mwanzoni mwa Novemba mashimo yote ishirini yalikuwa tayari.

“Nisipopanda mwaka huu nitapanda lini?” alimwambia Rabia jioni moja, huku akijikanda kiuno. “Mkorosho unataka miaka mitatu, minne, ndipo uzae. Na mimi nataka korosho hizo nizile mwenyewe, nikiwa bado na haya meno yangu manne.”

“Utazila, Bibi. Miche imeota yote. Mwenyewe ukiiona utafurahi.”

Na siku ile Rabia alikuwa akisema kweli.

Uongo wao ulianza mdogo sana. Kisima kilikuwa bondeni, na kutoka kitaluni kushuka na kupanda na ndoo kichwani ilikuwa kazi ya kumtoa mtu jasho la utosini. Jumatatu moja, joto limekaza na upepo hakuna, watatu hao waliketi kidogo kwenye kivuli cha kibanda cha majembe wapumzike kabla ya kushuka kisimani. Ghafla wakasikia, “Group Three! What are you doing?”

Wakatazamana. Ndoo zilikuwa tupu.

“We are watering the seedlings, sir!” Rabia alijibu.

“Very good!”

Augustino akaziba mdomo asicheke. “Umeona? Kumbe hata tukikaa ni sawa tu!”

“Tutamwagilia sasa hivi,” Dionisia alisema. “Si ndiyo?”

“Ndiyo, sasa hivi,” Rabia alisema. Lakini kivuli kilikuwa kitamu, na maneno yalikwisha kusemwa, na mara kengele ikalia. Walikwenda nyumbani ndoo zikiwa kavu.

Siku ya pili walikaa tena. Siku ya tatu Rabia aliona haya kujibu jibu lile lile, akaona afadhali alipambe. Mwalimu alipouliza, alisimama, akaweka mikono kiunoni, akatoa sauti tamu: “Augustino is carrying water, sir! Dionisia is pulling out the weeds! I am counting the leaves!” Wakati huo Augustino amelala chali kofia usoni, na Dionisia anasuka ukili.

Barazani, Mwalimu Fidelis aliweka kalamu chini. Sentensi tatu, watu watatu, bila kosa hata moja! Kesho yake darasani alimsimamisha Rabia mbele ya wote.

“Huyu ndiye anayefanya nilivyowaambia,” alisema. “Kazi haimfungi mdomo. Rabia, siku ya wazazi wewe ndiye utakayesema Kiingereza mbele ya wageni.”

Wenzake walipiga makofi. Rabia alitazama miguu yake. Alifurahi, tena alifurahi sana, lakini ndani ya furaha ile kulikuwa na kitu kinachomchoma. Angeweza kusema kweli siku ile ile. Sasa atasemaje, na makofi amekwisha kuyapokea? Kwa hiyo mchana ule alitunga sentensi nzuri zaidi. Hivyo ndivyo uongo ulivyo, watoto wangu. Ukiulisha sifa unanenepa.

Mara mbili hivi Dionisia alishuka kisimani peke yake akaleta ndoo moja, akaigawa kidogo kidogo. Ndoo moja kwa makopo sitini, katika jua la Novemba, ni nini? Majani yalianza kulegea, kisha yakapinda kingo, kisha yakawa na rangi ya chai. Rabia aliyaona. Kila siku alijiambia, kesho.

Na kila jioni Bibi alimuuliza, “Miche yangu inaendeleaje, mke mwenzangu?”

“Inakua, Bibi.”

“Alhamdulillahi.”

Usiseme ni jambo dogo kumjibu hivyo bibi aliyekulea. Usiku mmoja Rabia hakumaliza ugali wake, na ugali ulikuwa wa mlenda, chakula anachokipenda.

Siku ya kumi na moja ya shule ilikuwa Jumatatu. Bibi Mwamini alitoka shambani akapita njia ya bondeni, akaona ameshafika karibu na shule, akasema moyoni, acha nikaiamkie miche yangu. Alipanda kutoka kisimani polepole na kifurushi chake cha kuni, akafika nyuma ya uzio wa mabua. Hapo akasikia sauti ya mjukuu wake, nyororo na ya kujiamini, ikipaa kwa Kiingereza. Akasikia sauti ya Mwalimu ikijibu kutoka mbali, “Excellent, Group Three!” Bibi hakujua neno hata moja, lakini sifa hazihitaji tafsiri. Alitua kuni zake, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akaingia akitabasamu.

Augustino aliruka kama aliyekalia siafu. Dionisia akaficha ukili nyuma.

“Shikamoo, Bibi,” walisema wote kwa pamoja.

“Marahaba, wajukuu zangu. Hamjambo? Kaeni, kaeni, msisumbuke.” Bibi alimgeukia Rabia. “Nimekusikia, mama! Unasema kama maji yanatiririka. Na Mwalimu amekusifu, nimesikia kwa masikio yangu.”

Kisha akainama kuyatazama makopo.

Alitazama la kwanza. Akatazama la pili, na la tatu. Akatia kidole katika udongo wa kopo moja, kikaingia kwa shida, kikatoka kikavu na vumbi kwenye kucha. Alisogea mpaka mwisho wa mstari, kisha akarudi. Tabasamu lilikuwa bado halijaondoka vizuri usoni mwake, kana kwamba lilikuwa halijapata habari.

“Rabia,” alisema. Hakusema mke mwenzangu. “Yale uliyokuwa ukiyasema, yana maana gani?”

Kwa Kiingereza maneno yale yalikuwa mepesi kama unyoya. Kumbe kwa lugha ya nyumbani, mbele ya macho ya Bibi, yalikuwa mazito kama jiwe la kusagia.

“Nilisema…” alianza. “Nilisema, ninamwagilia miche.”

“Unamwagilia miche.”

“Ndiyo, Bibi.”

“Na mwenzako?”

“Nilisema Augustino anateka maji.”

Bibi Mwamini aliitikia kwa kichwa taratibu. Hakufoka wala hakumkaripia. Laiti angefoka! Aliangalia huku na huku, akaona ndoo imefudikizwa, ile aliyokuwa ameikalia Rabia, akaiokota, akajitwisha kichwani, akatoka nje ya uzio. Walimsikia akishuka bondeni, mguu mmoja akiuburuta kidogo, maana kiuno kilikuwa bado kinamuuma kwa kuchimba mashimo.

“Mfuate,” Dionisia alinong’ona, machozi yakimlengalenga.

Rabia alitaka kumfuata, lakini aliona haya. Alikaa pale pale chini, mavumbini. Muda ukapita. Ndipo akamwona Bibi, kupitia nafasi ya mabua, akipanda mlima na ndoo iliyojaa. Maji yalimwagika mabegani kwa kila hatua. Aliingia, akatua ndoo kwa kuguna, akachukua kata, akaanza na kopo la kwanza, hata lililokauka kabisa akalipa maji yake.

Na sauti ikaja kutoka barazani.

“Group Three! What are you doing now?”

Augustino alimkonyeza Rabia: jibu, jibu upesi! Ulimi wa Rabia ulikuwa na jibu tayari. Siku kumi na moja zote ulikuwa nalo. “We are…” alianza. Akamwona Bibi ameinama juu ya kopo, kanga imelowa.

“Group Three!”

“I am sitting, sir,” Rabia alisema. Sauti ilifika barazani.

“Good!” Mwalimu alijibu, akidhani ni zoezi. “And Augustino?”

“Augustino is sitting, sir. Dionisia is sitting.”

“Very good! And who is watering the seedlings?”

Rabia alifumba macho. “My grandmother is watering the seedlings, sir.”

Wakasikia kiti kikisukumwa barazani, na viatu vikija kwa haraka kuzunguka pembe ya madarasa. Mwalimu Fidelis alisimama kwenye mlango wa uzio, kitabu cha alama kikiwa mkononi. Aliona kila kitu kwa mara moja.

“Shikamoo, Mama,” alisema kwanza, kwa adabu.

“Marahaba, Mwalimu.” Bibi hakuacha kumwagilia. “Ukitaka kuwachapa, mwanangu, ngoja kidogo. Wakichapwa watalia, na wakilia hawatateka maji.”

Rabia akasimama. “Mwalimu, mimi ndiye niliyekuwa nikijibu. Siku zote kumi na moja. Hatukumwagilia. Dionisia alileta ndoo mbili, basi. Mimi nilikuwa natunga tu.”

“Na mimi nilikuwa nalala,” Augustino alisema kwa sauti ndogo. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Mwalimu Fidelis alikifungua kitabu chake. Akatoa kalamu, na mbele ya macho yao akafuta alama moja moja, vyema kumi na moja, kalamu ikikwaruza karatasi. Rabia alisikia kila mkwaruzo. Mwalimu alipomaliza alikifunga kitabu.

“Na mimi ningekuwa na alama, ningeifuta,” alisema. “Hatua thelathini tu kutoka kwenye kiti changu mpaka hapa. Sikuzipiga. Nilikuwa nafurahia Kiingereza. Haya, chukueni ndoo.”

Walishuka kisimani mara tano jioni ile, Mwalimu naye na kaptula yake iliyopigwa pasi. Giza lilipokaribia walihesabu. Katika miche sitini, iliyoonyesha dalili ya uhai ilikuwa ishirini na miwili. Mingine ilikuwa kuni tu.

Kesho yake Mwalimu aliwaita. “Siku ya wazazi Rabia hatasema,” alisema. “Atasema mwingine. Na miche hii ishirini na miwili mtaigawanaje?”

Hapo Rabia alikuwa amekwisha kuwaza usiku kucha. Ishirini ingetosha mashimo yote ya Bibi. Angeweza kuomba. Lakini alijua kwamba mama yake Dionisia naye ana mashimo yanayongoja, na baba yake Augustino vilevile.

“Wagawane hawa wawili,” alisema. “Mimi ndiye niliyewadanganya watu. Nitaotesha mingine, kama Mwalimu ataniruhusu.”

“Novemba imefika katikati. Ukichelewa mvua?”

“Nitajaribu, Mwalimu.”

Habari hiyo aliipeleka nyumbani mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya Bibi, akasema yote, hata la kuigawa miche. Bibi Mwamini aliendelea kupeta mchele ambao ulikuwa umekwisha kupetwa.

“Umeniumiza, Rabia,” alisema mwishoni. “Si miche. Kila jioni nilikuuliza, na wewe ulinitazama usoni ukanijibu.”

“Nisamehe, Bibi.”

“Nimekusamehe. Ningekuwa na wajukuu wengine hapa ndani labda ningenuna.” Akaingia chumbani, akatoka na kifuko cha korosho za mbegu alizoziweka darini. “Chagua nzito. Zitie majini, zinazoelea tupa.”

Rabia aliotesha ishirini. Augustino na Dionisia walimsaidia kujaza udongo bila kuombwa. Mwanzoni mwa Desemba vichwa vya kijani vilianza kuchungulia, kimoja, viwili, mpaka kumi na saba. Mitatu haikuota. Kisha shule ikafungwa, watoto wakatawanyika, na mvua za mwaka ule zikachelewa kuliko kawaida.

Sasa fikiri. Shule imefungwa. Barazani hakuna kiti. Hakuna wa kuuliza, hakuna wa kujibiwa, hakuna kitabu cha alama. Rabia alikwenda kila siku, hata Krismasi wenzake Wakristo walipokuwa wakicheza ngoma barabarani. Alishuka bondeni, akapanda, akamwagilia kopo moja baada ya jingine bila kusema neno, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Siku moja alijikwaa, akamwaga ndoo nzima, akakaa njiani akalia kidogo. Kisha akarudi kisimani.

Wiki ya pili ya Januari mawingu mazito yalikusanyika, mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Rabia alipokuja na Bibi kuichukua miche, walimkuta Mwalimu Fidelis ndani ya uzio, baiskeli yake imeegemezwa pembeni, vikapu viwili vimefungwa nyuma.

“Nyumba yangu iko pale,” alisema Mwalimu, akionyesha kwa kidevu upande wa pili wa kiwanja. “Dirisha langu linatazama njia ya kisimani. Zile siku kumi na moja, Rabia, nilikusikia lakini sikukuona. Likizo hii nimekuona lakini sikukusikia. Kiingereza chako ni kizuri, na utakwenda nacho mbali, inshallah kama mnavyosema. Lakini mtu akiniuliza kwa nini ninakuamini, sitamtajia Kiingereza.”

Rabia aliinama kuficha uso, akaanza kupanga makopo kwenye vikapu, na Mwalimu akajifanya anakaza kamba ya baiskeli.

Walipanda siku ile ile. Udongo wa njia ya Lionja ulikuwa umelowa vizuri, mweusi, unanukia. Bibi aliushika kila mche kwa shina, Rabia akarudishia udongo na kuukandamiza kwa viganja. Kumi na saba ilisimama katika mistari. Mashimo matatu yalibaki wazi, na maji ya mvua yametuama ndani yake.

Rabia aliyatazama, akajisikia vibaya. “Bibi, haya matatu ni kwa sababu yangu.”

“Ndiyo, ni kwa sababu yako,” Bibi Mwamini alisema. Hakumficha. Aliketi juu ya kisiki, akanyoosha miguu yake yenye matope. “Mwakani utayajaza. Sasa nisikilize, mke mwenzangu, mimi sikusoma, lakini hili nalijua. Mwanadamu ukimwambia jambo tamu atakuamini, maana anakupenda. Mimi nilikuamini. Mwalimu wako alikuamini. Mche hauna upendo wa namna hiyo. Hausikii Kiingereza, hausikii Kimwera chetu, hausikii hata dua yangu kama hukuupa maji. Basi kazi yoyote utakayopewa na watu wanaokupenda, usiifanye kwa kuwatazama wao. Tazama mche.”

“Nimesikia, Bibi.”

“Umesikia. Nisaidie kuinuka, kiuno hiki hakina adabu.”

Rabia alimshika mikono, akamwinua. Wakapita tena katikati ya mistari, wakisimama penye kila mche, mpaka wakaufikia wa kumi na saba.